Nikirudi rivasi boti inavuta kushoto, nikikata kona inateleza: shida ni propela?

Swali: Habari fundi, nina boti ya faiba futi 18, chini ni bapa, injini moja ya nje. Nikirudi rivasi tezi (nyuma ya boti) inakimbilia kushoto hata usukani ukiwa umenyooka, na nikikata kona kwa spidi inateleza ubavu. Naambiwa nibadilishe propela, ni kweli?

Jibu: Salama ndugu yangu. Usinunue kitu kwanza, hapo una mambo mawili tofauti.

La rivasi ni kawaida kabisa. Propela nyingi, ukizitazama kutoka nyuma, zinazunguka kulia ukienda mbele, kwa hiyo ukiweka rivasi inageuka kushoto na mbali na kuvuta inakuwa kama gurudumu linalotembea chini, linaburuta tezi kwenda nalo. Wajanja wanaitumia hiyo: unaingia gatini ubavu wa kushoto, omo (mbele ya boti) imeelekea gati kidogo, ukikaribia unagusa rivasi mara moja tu na tezi inajileta yenyewe. Na kumbuka injini ya nje inaongoza boti kwa kusukuma maji, ukiwa nyutro utazungusha usukani mpaka mkono uume boti haikusikii, kwa hiyo geuza usukani kwanza ndo uingize gia, resi kidogo kidogo, siyo kukanyagia halafu unaanza kuhangaika na watu wanakuangalia.

Kuteleza kona sasa, hilo ni bodi, yaani umbo la chini ya boti. Boti bapa inapanda juu ya maji haraka hata kwa injini ndogo, ila haina kitu cha kung'ata maji, ndo maana tezi inatupwa nje. Zile za V kali, yaani chini imechongoka kama herufi V, mwinamo wa nyuzi 20 hivi na zaidi kule nyuma, zinashika kona na kupasua mawimbi vizuri, ila zinataka injini yenye nguvu zaidi na zikisimama zinayumba. Yako punguza resi kabla ya kona, shusha trimu (mwinamo wa injini) kidogo, na mzigo usiurundike upande mmoja.

Propela ningeifikiria kama ukikata kona injini inalia ghafla na boti haina nguvu, hapo imevuta hewa. Hata hivyo angalia kwanza lile bamba la juu ya propela, liwe karibu usawa na chini ya boti. Kama liko sawa na bado inalia, ndo ujaribu propela ya mapanga manne.