Nyanya akija kumuona, mtoto aharibika: nimkataze?

SWALI: Asalam aleykum mshauri. Niko Mtopanga, nalea kijana wa miaka tisa kwa malezi ya kambo, karatasi zote nilipewa kupitia ofisi ya watoto. Mamake alikuwa teja, sa hii yuko kwa methadoni (dawa ya kuacha heroini), na nyanya yake ndie aliemlea mpaka akashindwa. Huyo nyanya yuwaja kila baada ya wiki mbili, na akishaondoka tu kijana akojoa kitandani siku tatu nne, na juzi nimetoa chapati chini ya godoro zimeota ukungu. Nyanya mwenyewe mtu mzuri, aliletwa Mombasa kutoka Kilifi akiwa na miaka kumi kufanya kazi za nyumbani, kapata tabu sana. Ila akiaga lazima amwambie mtoto pale mlangoni "usisumbue watu, watakufukuza". Kwa mafunzo tuliambiwa hii ni trauma ya vizazi, yaani majeraha ya moyo yanayopita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Je, iko kwa damu? Na nikimkataza asije si mtoto atatulia?

JIBU: Waaleykum salaam dadangu. Nianze na damu manake hapo ndo watu wachanganyikiwa. Utafiti unaotajwa sana ni wa Rachel Yehuda na wenzake kule New York, walipima manusura 32 wa mauaji ya Wayahudi pamoja na watoto wao 22, wakakuta, kwa wastani, pande zote mbili alama flani kwa jeni moja inayohusika na homoni za msongo ziko tofauti na za watu wengine. Yavutia, lakini watu wenyewe wachache, na wataalamu mpaka leo wabishana kama zile alama zilirithiwa ama ni maisha ya mle nyumbani yalizileta. Kwa hio asikwambie mtu ati mtoto "kazaliwa nayo". Mimi hio lugha siipendi kabisa, tulikuwa na laana ya ukoo, sa hii naona tumeivalisha suti tu na mtoto bado aangaliwa kwa jicho lile lile.

Njia tunayoijua vizuri zaidi ni malezi, na we mwenyewe umeiandika bila kujua. Msikize tena huyo nyanya pale mlangoni. Msichana wa miaka kumi yuko nyumba ya watu, akilia afukuzwa, akiitisha chakula afukuzwa, sasa kunyamaza ndio kulimpa pa kulala. Akalea bintiye vivo hivo, usilie, usiseme, na bintiye nae alipozidiwa hakuwa na wa kumwambia (sisemi hio ndo ilimpeleka kwa unga, unga Mombasa hii una sababu zake nyingi). Sasa amwambia mjukuu, na kwake yeye hio ni mapenzi, amkinga. Ila kijana ashatoka kwa mamake, ashatoka kwa nyanya, akisikia "watakufukuza" kwake hio si nasaha, ni habari ya kitu kinakuja. Mwili wake wakaa macho kungoja hio siku, usingizi wavurugika, mkojo watoka, na chapati ni akiba yake ya safari.

Kwa hio usimkataze nyanya. Kwanza uamuzi huo si wako peke yako, wafaa upitie kwa afisa wa watoto. Pili mtoto akiona nyanya kapotea ghafla, atajiambia yeye ndie aliesababisha. Mketishe nyanya kabla ya ziara, mtoto akiwa madrasa ama anacheza, umpe chai, umuulize yeye alifikaje Mombasa. Usimfundishe kitu mwanzo, sikiza tu, huenda hajawahi kuulizwa na mtu. Halafu mkubaliane maneno mengine ya kuagia, kitu kama "nitakuja Jumamosi ile ingine, na hapa wakupenda". Jumamosi yenyewe muitie duara kwa kalenda ukutani, mtoto aione. Na kama nyanya hana uhakika wa kuja asiahidi, afadhali apige simu.

Chapati, wala usimuaibishe. Mpe kontena lake lenye kifuniko, utie ndani vitu visivyoharibika, biskuti, njugu, umwambie hiki ni chako na kikiisha kitajazwa, halafu ukijaze kweli bila kungoja aombe. Wazazi wengi hapa huogopa ati atakuwa mlafi, lakini kwa kawaida mtoto akishaamini kuficha hupungua kwenyewe, ingawa si kwa wiki moja.

Mkojo mpeleke kliniki kwanza apimwe, infekshen ya mkojo na choo kigumu pia hufanya hivyo, tusije tukaita kila kitu trauma. Usiku badilisheni shuka pamoja kimya kimya, hakuna maneno, hakuna kumuanika mbele ya wenzake.

Mamake nae tusimsahau. Methadoni ni dawa ya kila siku kwa muda mrefu, sio ati "bado atumia" kama majirani wanavosema, na akitulia huenda ofisi ikaanza kuzungumzia mtoto kurudi. Mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 wataka watoto wakae kwa familia badala ya vituo, yaani huyu mama na huyu nyanya mtakuwa nao kwa muda. Kijana asikusikie ukimsema mamake vibaya hata kwa simu.

Ukiona kijana aongea kujiumiza, ama amekaa wiki kadhaa hali vizuri wala halali, usingoje ziara ijayo. Mwambie afisa wako siku hio hio, ama piga 116, ni bure.