Picha za zamani za mbio za farasi ukutani: mnauliza, tunajibu

Nimeuziwa picha ya mbio, nyuma imeandikwa "Ngong, 1936". Nitajuaje kama ni ya kweli? (Msomaji, Nairobi)

Maandishi hayo yenyewe yanajisuta. Uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, ulifunguliwa 1954. Kabla ya hapo farasi wa Nairobi hawakukimbia huko. Lakini usiitupe bado, huenda picha ni nzuri na aliyekosea ni aliyeandika nyuma yake tu. Ichunguze karatasi.

Chukua kioo cha kukuzia cha mara 10. Ukiona vitone vimejipanga safu kwa safu kama matundu ya chandarua, hiyo ilitoka mashine ya uchapaji: ukurasa wa gazeti, kitabu au bango. Vitone vidogo vya rangi vilivyotawanyika ovyo ni kazi ya printa ya wino. Picha iliyosafishwa kwa dawa gizani haina vitone vya aina hiyo. Weusi unayeyuka polepole kuelekea weupe, kama moshi.

Kisha zima taa, umulike kwa tochi ya kukagulia noti bandia. Karatasi za picha zilianza kutiwa dawa ya kung'arisha weupe miaka ya 1950, kwa hiyo karatasi ikiwaka samawati, haikusafishwa 1936. Isipowaka hujathibitisha kitu, maana si kila karatasi ya baadaye ilitiwa dawa hiyo. Mwisho iinamishe dirishani: utando unaong'aa kama fedha kwenye sehemu nyeusi za pembezoni ni dalili nzuri ya umri.

Nina nafasi ya picha moja tu sebuleni. Mnashauri ipi? (Msomaji, Dodoma)

Kadi ya picha ya mpigapicha Eadweard Muybridge ya 19 Juni 1878, iliyopigwa Palo Alto, California. Farasi jike Sallie Gardner anapita mbele ya safu ya kamera, na kadi yenyewe inaeleza kwamba kati ya picha na picha kuna inchi 27, yaani kama sentimita 69, na takriban sehemu ya 25 ya sekunde. Tazama picha za mwanzo: miguu yote minne iko hewani, lakini imekunjwa chini ya tumbo. Wachoraji walikuwa wakiinyoosha mbele na nyuma, kama alivyofanya mchoraji Mfaransa Géricault katika mchoro wake wa mbio za Epsom, Uingereza, wa 1821. Kabla ya kulipia nakala hesabu vipande 12. Cha mwisho farasi amesimama tuli, na aliyekikata amekupunja.

Muybridge alifariki 1904, kwa hiyo hakuna haki miliki ya kukusumbua. Maktaba ya Bunge la Marekani inatoa faili yake bure. Kwa picha za karibuni, kama zile za farasi Secretariat akishinda mbio za Belmont, Marekani, 1973 kwa tofauti ya urefu wa farasi 31, nunua kwa mwenye haki.

Faili iwe kubwa kiasi gani ili ichapwe sentimita 30 kwa 40?

Pikseli 3,540 kwa 4,720 hivi. Nusu ya hizo bado inafaa ikitazamwa kwa mbali, chini ya hapo kwato zitageuka ukungu. Agiza karatasi ya pamba isiyong'aa na wino wa pigmenti, na umwambie mchapaji asiguse kitufe cha "kuboresha": chembechembe za picha ya zamani zikilainishwa, farasi anakuwa kama wa plastiki.

Picha yangu imenata kwenye kioo cha fremu. Niivuteje? (Msomaji, Mombasa)

Usiivute kabisa. Uso wa picha ya kusafishwa ni jelatini, utando mwembamba unaobeba picha yenyewe. Unyevu ukiingia unalainika, ukikauka unashika kioo kama gundi, na ukivuta unabaki na karatasi tupu mkononi. Iskani ikiwa juu ya kioo hivyo hivyo, kisha uihifadhi pamoja nacho.

Kosa lilifanyika kwa fundi wa fremu. Kati ya picha na kioo lazima iwepo kadi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha, unene milimita 1.5 hadi 2. Picha ishikwe juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ibaki huru kutanuka na kusinyaa. Selotepu hugeuka kahawia na kuacha doa lisilotoka. Hadibodi ya nyuma nayo hutoa asidi, basi tenganisha kwa kadi nyingine safi.

Pwani hewa yenyewe ni adui: unyevu ukikaa juu ya asilimia 65, kuvu huanza. Gundisha vipande vya koki vya milimita 5 kwenye pembe za chini za fremu ili hewa ipite nyuma, na uepuke ukuta unaopigwa na mvua au unaopakana na bafu. Kuvu ikishaingia, toa picha, ikaushe penye upepo na kivuli, kisha uipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini. Kitambaa kibichi kitaing'oa jelatini.

Fremu ya dhahabu au nyeusi?

Nyeusi au ya mti, upana sentimita 2. Kadi ya dirisha iwe rangi ya maziwa. Kando ya weupe mkali, picha ya kahawia huonekana chafu.

Na nitundike kimo gani?

Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya kochi, acha 15 hadi 20 kutoka mgongo wake.