Kamera ya kuvuta mbali, mwanga hafifu
Mkuu, umeuliza kamera nafuu ya kupiga majahazi ya Bagamoyo jua likishazama. Usidanganywe na 65x (kuvuta mara 65) ya kwenye boksi! Ukizivuta kamera hizo hadi mwisho, nyingi hushuka mpaka f/6.5 (tundu la lenzi: namba ikikua, mwanga unaoingia hupungua), na sensa (kipande kinachopokea mwanga) ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Picha inajaa chengachenga.

Tafuta Panasonic FZ1000 iliyotumika: inavuta hadi milimita 400 kwa f/4, sensa ya inchi 1, eneo lake karibu mara 4 ya zile sensa ndogo. Stendi haizuii jahazi kuyumba, kwa hiyo anza na kasi ya 1/250 ya sekunde, ISO 1600 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), piga RAW (faili ghafi la kuhariri baadaye). Giza likizidi, pandisha ISO kwanza.

Kabla ya kulipa, vuta lenzi yote na uirudishe. Ikikwaruza, huenda ina mchanga, achana nayo.