Akaunti umefuta, na laini je?

Swali la wiki: Je, kufuta akaunti ya mtandao wa kijamii kunatosha kulinda jina lako?

Hakutoshi. Wengi huhangaika na picha za zamani, kumbe mwanya mkubwa ni laini ya simu waliyoitelekeza. Huku Nyanda za Juu Kusini kubadili laini ni jambo la kawaida: mfanyabiashara wa Tunduma ana ya Tanzania na ya Zambia, mwanafunzi aliyetoka Makambako kwenda chuo Iringa anafuata bando nafuu. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huifunga na kuiuza upya. Anayeinunua pale Mwanjelwa, Mbeya, hana kosa lolote, ila sasa meseji zako zinaingia kwake. Kama namba hiyo bado imo kwenye akaunti yako ya Facebook, akibonyeza sehemu ya kusahau nenosiri, msimbo (code) wa kufungulia unamfikia yeye.

WhatsApp ina hatari ya aina yake. Mazungumzo ya nyuma hayamfikii, kwa kuwa yamehifadhiwa kwenye simu yako. Makundi ndiyo tatizo. Kama hukujitoa, anaweza kujikuta ndani ya kundi la VICOBA au kamati ya harusi, na wanachama wanaona namba waliyoisevu kwa jina lako. Akiomba shilingi 50,000 ya dharura, aliyeomba ni wewe! PIN ya tarakimu 6 ya WhatsApp (uthibitishaji wa hatua mbili) ni nzuri sana dhidi ya tapeli anayekuvizia leo, lakini kwa namba iliyoachwa haifui dafu: baada ya siku 7 bila WhatsApp hiyo kutumika, mwenye laini sasa anaweza kuendelea bila kuijua.

Kwa hiyo fanya kazi hii laini ya zamani ikiwa bado hewani. WhatsApp, ingia Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Badilisha namba. Msimbo utakuja kwenye laini mpya na makundi yako yatahama nawe. Facebook, Instagram na barua pepe, ongeza namba mpya kwanza, ndipo uondoe ya zamani. Ukigeuza mpangilio huo unaweza kujifungia nje. Halafu benki na huduma za pesa. Mwisho piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoitambua, nenda duka la mtandao wa simu husika ikafutwe.

Kuhusu kufuta akaunti kwenyewe: Facebook hukupa siku 30 za kughairi, na ukiingia hata mara moja tu katika siku hizo, ufutaji umebatilika. Programu iliyobaki kwenye simu huwaponza wengi hapo. Jumbe ulizowatumia watu zinabaki kwao.

Ikiwa mtu tayari anatumia jina lako, usikimbilie kuripoti chapisho liondolewe. Likiondoka, ushahidi umekwenda nalo. Piga skrinshoti inayoonyesha namba, tarehe na saa, nakili kiungo, ndipo uripoti na kwenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kujifanya mtu mwingine. Meseji ya kitapeli ya kawaida itume 15040.

Na viongozi wa vikundi, mwanachama akitangaza namba mpya, mpigieni sauti yake isikike, kisha iondoeni ya zamani siku hiyohiyo. Msimsubiri ajitoe mwenyewe.