Mjane kumkumbuka mumewe: nani kasema ni haramu?

SWALI: Assalaamu alaikum sheikh wetu. Mimi ni mjane, nipo Bombo, Uganda. Mume wangu alikuwa dereva wa lori njia ya Kampala na Arua, akafariki wiki tano zilizopita. Ameacha watoto watatu, mmoja wao wa kiume, na mama yake yu hai. Alikuwa mtu wa nyumbani. Akifika Karuma, njiani, lazima apige simu kuuliza kama mdogo wetu, mwenye pumu, amepata dawa yake. Siku za mapumziko alifua sare za watoto kwa mikono yake, kisha anakaa nao kuwasikiliza juzuu zao. Sasa jioni nikikaa na watoto tunamzungumza, na mara nyingine machozi yananitoka. Kijana anayedarasisha msikitini kwetu ameniambia siku tatu zimekwisha, kwamba kuendelea kumtaja ni maombolezo ya kijahilia, ya zama za kabla ya Uislamu, na kwamba kwa machozi yangu ninamwadhibisha kaburini. Shemeji zangu nao wanataka arobaini, achinjwe ng'ombe kwa pesa aliyoacha, kisha mimi nirudi kwetu. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Allah amrehemu mumeo, amsamehe, ampanulie kaburi lake. Sitakuhubiria subira, umeishi nayo wiki tano, na wanaokuhubiria hawajaionja. Nimeamua kukujibu kwa urefu kwa sababu maneno uliyoambiwa si yako peke yako. Wajane wengi wa nchi hii wanaambiwa hayo hayo, na wanaoambiwa hunyamaza wakidhani ndiyo dini.

Kijana huyo amekusomea nusu ya hadithi. Hadithi yenyewe, waliyoipokea Bukhari na Muslim, inasema haimhalalikii mwanamke anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho kumwekea maiti matanga zaidi ya siku tatu, isipokuwa mumewe: huyo ni miezi minne na siku kumi. Mwenye kukata maneno ya Mtume, rehema na amani zimshukie, pale yanapompendeza, halafu akamtwisha mjane nusu iliyobaki, amefanya jambo zito. Tena matanga yanayozungumzwa hapo ni kuacha mapambo: manukato, wanja, nguo za kujipamba. Hakuna mwanachuoni ninayemjua aliyesema kwamba ulimi wa mjane umefungwa asimtaje mumewe, au kwamba moyo wake umewekewa tarehe ya kusahau.

Na kama kumtaja aliyekufa ni ujahilia, basi tumwambie nini Bi Aisha? Yeye ndiye aliyesema hakumwonea wivu mke yeyote wa Mtume kama alivyomwonea Bi Khadija, naye hakuwahi kuolewa pamoja naye, ila ni kwa jinsi Mtume alivyokuwa akimtaja. Anasimulia kwamba Mtume alikuwa akichinja kondoo, akamkata vipande, akawapelekea marafiki wa Khadija. Aisha akimwambia ni kana kwamba duniani hapakuwa na mwanamke ila Khadija, yeye hujibu: alikuwa hivi, na alikuwa hivi, na kwake nilipata watoto. Hala, dada yake Khadija, alipobisha hodi Madina, Mtume aliikumbuka namna Khadija alivyokuwa akibisha, akatikisika.

Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, watu wa Makka walileta mali ya kuwakomboa mateka wao. Zaynab binti wa Mtume alileta kidani ili mumewe Abul-As aachiliwe, na kidani hicho kilikuwa cha mama yake Khadija, aliyemvisha siku ya harusi yake. Mtume alipokiona alishikwa na huruma kubwa, akawaomba masahaba, wakiona vema, wamwachie mateka wake na wamrudishie kidani chake. Hapo Khadija alikuwa amefariki miaka kadhaa. Sasa wewe una wiki tano, unaambiwa umepitiliza!

Nabii Ibrahim naye alimwomba Mola wake ajaaliwe kutajwa kwa wema na watakaokuja baadaye. Soma Surat Ash-Shuaraa, aya ya 84. Na lilipopita jeneza watu wakalisifu kwa kheri, Mtume alisema: imewajibika, yaani Pepo, kwa kuwa nyinyi ni mashahidi wa Allah katika ardhi. Dada, wewe na watoto wako ndio mashahidi wa karibu zaidi wa mtu huyu. Nani mwingine ajuaye habari za simu ya Karuma?

Ama machozi, Mtume mwenyewe alilia alipofariki mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kuchana nguo, kujipiga mashavu na kumlalamikia Mwenyezi Mungu. Hadithi ya maiti kuadhibiwa kwa kuliliwa ni sahihi, lakini wanachuoni wengi wameifasiri kwa mtu aliyeusia apigiwe mayowe, na Bi Aisha aliipima kwa Qur'ani: hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Na Saad bin Ubada alipougua, Mtume alilia, kisha akawaambia waliokuwapo kwamba Allah haadhibu kwa machozi ya jicho wala kwa huzuni ya moyo, bali kwa huu, akaashiria ulimi wake. Kwa hiyo mumeo haadhibiwi kwa machozi yako ya jioni. Futa wazo hilo kabisa, usilale nalo tena.

Ninalokuusia ni kwamba mnapomzungumza msimtie sifa asizokuwa nazo. Alizokuwa nazo zinatosha. Watafutie watoto daftari, aliye mkubwa aandike: baba alitufulia sare, baba alitusikiliza juzuu, baba alisema hivi. Huyo mdogo mwenye pumu baada ya miaka michache hatakumbuka sauti yake, na daftari hilo litakuwa haki yake. Zile juzuu zisikatike. Asikilize mkubwa, au wewe, kwani kila herufi aliyowafundisha baba yao tunatarajia thawabu yake inamfikia. Mtoto mwema anayemwombea mzazi wake ni katika yale matatu yasiyokatika mtu akifa, na dua hiyo haingoji siku ya arobaini. Na kama mumeo alikuwa na taniboi, msaidizi wake wa lori, aliyelala naye barabarani, siku mkipika vizuri mpelekeeni sahani. Huo ndio mwendo wa Mtume na marafiki wa Khadija.

Kuhusu ng'ombe, nitasema wazi. Kusoma hitima kuna khitilafu ya wanachuoni, na sitaifungua hapa. Waislamu wa Uganda tuliwahi kugawanyika makundi ya Juma na Zukuli kwa kubishania rakaa nne za adhuhuri baada ya sala ya Ijumaa, na inatosha. Lakini hakuna khitilafu katika kula mali ya mayatima. Allah amesema wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma hula moto matumboni mwao. Alipouawa Jaafar, binamu yake, Mtume aliwaamrisha watu waipikie familia yake chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Hapa kwetu tumeligeuza: wafiwa ndio wanaopika, wageni ndio wanaokula, na turubai likiondoka mjane anabaki na deni la sukari na mchele. Shemeji wakitaka kuchinja, wachinje kwa mifuko yao.

Nao hawana haki ya kukutoa. Furaya bint Malik alipofiwa na mumewe aliomba kurudi kwao, na Mtume akamwambia akae nyumbani mwake mpaka muda wake ufike. Basi kaa mpaka eda iishe. Mchana unaweza kutoka kwa haja yako, na hao wanaokuambia ukae chumba cha giza na kanga moja usiwasikilize. Baada ya eda pia huondolewi kama mgeni, kwani una fungu lako. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo urithi. Wewe thumni, yaani moja ya nane, mama yake sudusi, moja ya sita, kinachobaki ni cha watoto, mwana wa kiume mara mbili ya binti. Ndugu zake, maadamu yupo mtoto wa kiume, hawarithi kitu. Na kama sehemu ya mahari yako haikulipwa, hilo ni deni. Hutolewa kabla ya urithi, wala usione haya kulidai.

Madereva huwa na madeni ya njiani: mafuta, tairi, chakula cha mkopo kwenye vituo. Mwombe mwenye lori na wenzake wayataje, yaandikwe na kulipwa mapema, maana kumlipia deni ni wema mkubwa kwake kuliko ng'ombe kumi. Mpe imamu wenu jibu hili awasomee shemeji zako kwa upole, mbele ya mama mkwe wako. Wakikataa, nenda kwa kadhi wa wilaya pamoja na mwanamume wa kwenu; na wajue pia kwamba Sheria ya Mirathi ya Uganda, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inahesabu kumfukuza mjane nyumbani kwake kuwa kosa la jinai.

Wallahu a'lam.