Mume wa bibi yangu hakuwahi kuzaliwa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya cheti cha ubatizo cha babu yako nimeiona vizuri. Cheti kinataja jina la baba yake, lakini mtu huyo hana kaburi pale nyumbani Tarime, hana mwaka wa kuzaliwa, na hakuna mzee mwenye kisa chake hata kimoja. Halafu kile kipimo cha vinasaba cha mate ulichofanya huko Marekani kimekuletea ndugu wa damu ambao kwao ni Kehancha, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, upande wa Kenya, watu wa ukoo usio wetu. Ukamalizia kwa kuuliza, tena kwa adabu, kama mama yake babu alitoka nje ya ndoa.

Hakutoka. Mumewe ndiye hakuwahi kuzaliwa.

Wazee walimtaja mama mmoja kwa jina la Bibi Mkubwa. Mimi mwenyewe sikumkuta. Aliolewa kwenye mji wa wake wengi. Kwetu Wakurya kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba na ng'ombe wake, na waliorithi ng'ombe hao ni watoto wa kiume wa nyumba hiyo. Bibi Mkubwa alizaa mabinti watupu. Mumewe alipofariki, watoto wa wake wenza wakaanza kupita zizini kwake jioni wakitazama ng'ombe kama watu wanaotazama mali yao. Nao walikuwa na haki kimila: akifa yeye, zizi linahamia kwao na nyumba yake inafutika.

Kisha binti yake mkubwa akaolewa, mahari yakaingia. Desturi ni kwamba ng'ombe waliotolewa kwa dada ndio wanaomwoza kaka. Kaka hakuwapo. Bibi Mkubwa akawachukua ng'ombe wale wale akaenda kuposa msichana, amwoze mtoto wa kiume ambaye angekuwa naye kama angejaliwa. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu. Msichana yule ndiye bibi yangu mimi. Aliingia pale kama mke wa mwana, Bibi Mkubwa akawa mkwewe, na yule binti ambaye ng'ombe zake zilimleta akawa wifi yake. Hao wawili niliwakuta. Mpaka uzeeni waliitana wifi na kutaniana kama mawifi wanavyotaniana, kwa ajili ya kaka wa mmoja na mume wa mwingine ambaye hakuna aliyepata kumwona.

Mtu wa kuzaa naye alitafutwa. Pengine mama mwenye mji ndiye anayemchagua, pengine mke anajichagulia mwenyewe. Kwetu alikuwa mtu wa Kehancha aliyekuwa akija huku kwa shughuli za mifugo. Usishangae kuhusu mpaka. Mstari ule Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886, toka mdomo wa mto Umba kule baharini hadi Ziwa Victoria, ukawapasua Wakurya katikati, na watu wakaendelea kutembeleana. Mzee yule hakutoa ng'ombe, kwa hiyo hakuwa na mtoto. Alijua hivyo tangu mwanzo, na sijasikia kwamba aliwahi kuja kudai.

Lakini wazee hawakumsahau. Nilipokuwa kijana nilianza kumsifia mbele ya babu yako binti mmoja wa mji ule. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kunoa panga lake, kisha akasema, "Kule hatuoi." Nikauliza kama kuna uadui. "Hakuna uadui. Hatuoi tu." Nikaona ni ukaidi wa wazee. Kumbe alikuwa ananizuia nisioe kwa ndugu zake mwenyewe, bila kulitamka jambo ambalo kimila halikuwa la kutamkwa. Kipimo chako kimesema kwa sauti kile alichokifupisha yeye kwa maneno mawili.

Ile asilimia moja na nusu ya vinasaba unayoshirikiana na ndugu hao wa Kehancha, iliyokutia shaka, inalingana kabisa. Nimemuuliza mwalimu wa biolojia niliyefundisha naye. Vitukuu wa baba na mama mmoja hushirikiana vinasaba kwa wastani wa asilimia 3 hivi. Vitukuu wa mzee mmoja kwa wanawake wawili hupata nusu yake.

Kuhusu cheti: babu yako alibatizwa akiwa mtu mzima. Padre alikuwa na kitabu chenye nafasi ya jina la baba, akauliza, akajibiwa. Babu yako hakudanganya. Alitaja jina ambalo mji mzima ulilijua kuwa la baba yake, jina la mkwe wa Bibi Mkubwa, ambalo ndilo angepewa mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ile. Majina yetu yanazunguka hivyo, akina Chacha, Mwita na Marwa wasioisha, na ndiyo maana ukitafuta ukoo wa Kikurya kwa majina peke yake utapotea mapema sana.

Sasa usije ukayapamba haya kwa wenzako. Nimeona watu mitandaoni wanaiita ndoa ya jinsia moja, na hao hawajui wanachosema, maana wale wanawake hawakuwa na mambo ya kitandani, walikuwa na mambo ya zizi na jina. Wengine wanaisifu kwamba ilimpa mwanamke nguvu. Ilimpa Bibi Mkubwa. Bibi yangu alikuwa msichana mdogo na hakuna aliyemuuliza. Ng'ombe walifika kwao, akahamishwa. Mimi nimefurahi kwamba mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa vinavunja Katiba. Sheria hiyo, ya mwaka 1971, inaijua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, kwa hiyo mwanamke wa nyumba ntobhu akifukuzwa leo hana cheti cha kupeleka popote. Wakenya walishalikuta hilo mahakamani: mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimpa haki ya mirathi mke aliyeolewa na mwanamke wa Kinandi. Wakamba nao wanayo yao, mke wa namna hiyo wanamwita iweto. Hivyo usidhani ukoo wako ni wa ajabu peke yake.

Kwenye hiyo programu yako ya kuandika ukoo usiandike "baba hajulikani." Anajulikana, tena wako wawili. Kama inakubali mzazi wa damu na mzazi wa kulea, mweke mzee wa Kehancha kwenye damu. Kwenye nafasi ya pili liache lile jina la kwenye cheti, na kwenye maelezo uandike kwamba ni mwana wa nyumba ya Bibi Mkubwa ambaye hakuzaliwa, na kwamba mahari ya bibi yangu yalitoka kwa binti wa nyumba hiyo. Huyo binti mwandike kwa jina lake kamili, nitakutumia. Bila ng'ombe zake mimi na wewe tungekuwa watoto wa mji mwingine. Ikikataa mtu asiye na mwaka wa kuzaliwa, mwache bila mwaka. Usimbunie.

Na yule kijana wa Kehancha aliyekuandikia, mjibu. Mwambie hatuna dai la shamba wala la ng'ombe, asije akawatia hofu wazee wake. Muulize kama yuko hai yeyote aliyemwona babu yake mkuu kwa macho. Kama yuko, nitavuka Sirari kwenda kumsalimia kabla ya mvua za masika. Mama yako anasema ataenda nami, anataka kuona kama na wao wana masikio haya.

Baba yako