Desemba hii, wahi jikoni kwa mama

Kwa miaka mingi nilikuwa napanda Kibosho, kwetu Uchaggani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kila Desemba kama mgeni. Nafika tarehe 24 usiku, nakuta mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, umeshaiva na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, imeshachujwa. Nakula, nasalimia ukoo, tarehe 27 niko stendi ya Moshi nagombea basi la kurudi Dar es Salaam. Halafu ukaja mwaka ambao mikono ya mama ilianza kutetemeka. Akanipa kisu na mkungu wa mshare, ndizi za kupikia mtori: "Mwanangu, leo menya wewe." Sikujua pa kuanzia.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda nyumbani, nakuomba uwahi. Wiki nzima kabla ya Krismasi si nyingi. Mbege pekee inazimaliza hizo siku: ulezi uloweshwe, uote, uanikwe, usagwe, ndizi mbivu zichemshwe mpaka zibadilike rangi, ziachwe zichachuke, zichujwe, ndipo zikutane na uji wa ule ulezi. Anayefika mkesha wa Krismasi anakutana na kata ya kunywea tu mdomoni.

Mtori ndio ulionifunza kukaa na mama. Paka mafuta viganjani kabla hujamenya, la sivyo utomvu utakuachia vidole vyeusi mpaka Januari. Nyama ya mifupa ianze yenyewe, ichemke polepole hadi ilegee, kisha ndizi ziivie kwenye supu hiyohiyo. Mama hataki kusikia habari za blenda. Anaponda kwa mwiko, akizikandamiza ndizi kwenye ubavu wa sufuria, na anaacha vibonge viwili vitatu makusudi. "Mtu ajue anakula ndizi," anasema. Hilo hakuna aliyewahi kuniandikia popote. Nililiona kwa kusimama pale, moshi machoni.

Kuhusu ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, nitasema moja: tenga kwanza ada ya watoto ya Januari, ndipo uulize bei ya mbuzi.

Tarehe 31 nyama zimeshatuchosha, kwetu tunapika kiburu, ndizi na maharage basi. Jioni hiyo, kabla ya kwenda kanisani kwenye mkesha, ndiyo naipenda kuliko Krismasi yenyewe. Ukiwa na mtu mliyenuniana, mfuate saa hiyo, chakula bado kiko jikoni. Usingoje mbege ipande kichwani ndipo uanze kusema ya moyoni. Nimeona mapatano ya namna hiyo yakivunjika asubuhi yake.

Mimi na kaka yangu tulikuwa hatujasalimiana miaka miwili kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Mpaka wenyewe umepandwa masale, mimea ya majani marefu, kama ilivyo desturi Uchaggani. Na isale hilohilo ndilo mtu hupeleka anapoomba radhi. Wazee walitufundisha kwamba ukiletewa, hulikatai. Nilishuka mpakani, pale pale tulipogombania, nikachuma moja, nikaenda nalo nyumbani kwake. Sikuwa na hotuba. Nilisema, "Kaka, nimekuja."

Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka mezani karibu na bakuli la kiburu, kisha akasogea kwenye benchi ili nipate pa kukaa.